Mwaka 1928: Herufi za Waturuki na Herufi Zetu

Mwanafunzi wa Kigali anayeanza Kituruki akikutana na neno cuma atalisoma "chuma", kwa sababu Kinyarwanda kimemzoeza kuitamka c kama ch, na mara moja atakumbuka icyuma. Mturuki hulitamka "juma", na maana yake ni Ijumaa. Katika alfabeti ya Kituruki, yenye herufi 29, c ni j yetu, ç ni ch, ş ni sh, nayo ğ kwa kawaida haisikiki ila huirefusha irabu iliyoitangulia. Ukishayajua hayo, çay inakuwa chai, kitap kitabu, sabun sabuni.

Undugu huo wa maneno una jambo lingine nyuma yake. Kituruki na Kiswahili viliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, kisha vikaziacha, na mwaka 1928 una nafasi katika habari zote mbili.

Sababu inayotajwa kwanza ni matamshi. Kituruki kina irabu nane, na herufi za Kiarabu za kuzibebea ni tatu tu: alifu, wau na ya. Kwetu, e na i hazikutofautishwa, wala o na u, na mara nyingi herufi ba ilisimama badala ya b, p na hata mb. Ilibidi msomaji alijue neno kabla ya kulisoma. Hoja hii ni ya kweli, lakini hainitoshelezi, kwa kuwa hati hurekebishika. Huko Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, aliifanyia marekebisho ili ichukue sauti za Kiswahili. Kwa hiyo swali la mwanahistoria ni nani aliyeamua.

Uturuki, aliamua mtawala wa dola huru. Agosti 1928 Mustafa Kemal alizitangaza herufi mpya mbele ya watu Istanbul, na sheria ikapitishwa tarehe 1 Novemba. Falih Rıfkı Atay, mmoja wa wanakamati, alisimulia kwamba wenzake walipendekeza miaka kadhaa ya mpito, naye akataka miezi mitatu. Sisi tuliobishana Kigali mwaka 2014 kama tuandike umujyi au umugi tunaweza kukisia kishindo chake. Mtu aliyesoma magazeti maisha yake yote alirudi darasani kujifunza a na b pamoja na wajukuu.

Juni mwaka huohuo, watawala wa Kiingereza na wamisionari walikutana Mombasa, wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Walijadili lahaja. Suala la hati lilikuwa limekwisha bila ya kutangazwa popote: Edward Steere wa misheni ya UMCA alishatoa kitabu chake cha sarufi kwa herufi za Kirumi mwaka 1870, na shule na ofisi za Wajerumani zikafuata njia hiyo. Rwanda ilikuwa chini ya Wajerumani hadi 1916, hivyo Kiswahili cha ofisini kilifika Kigali kikiwa tayari na herufi hizo. Mzee wa pwani aliyeandika barua zake kwa Kiarabu hakurudishwa darasani kama yule wa Istanbul. Machoni pa ofisi alikuwa tu mtu asiyejua kusoma.

Leo mwanafunzi wa historia Uturuki anayetaka nyaraka za Waosmani hujifunza hati ya zamani kama somo la pekee. Sisi tunausoma Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate katika karne ya 18 na kuandikwa kwa herufi za Kiarabu, kupitia nakala za Kirumi tu. Penye ba, mnukuzi ndiye aliyetuamulia kama ni b, p au mb.