Huduma ya bure isiyo na sera ya faragha
Baadhi ya huduma za bure mtandaoni hazina masharti ya matumizi wala sera ya faragha. Nchini Kenya, ubure hauondoi wajibu. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinamtaka anayekusanya taarifa binafsi, hata anwani ya baruapepe tu, amweleze mhusika kabla ya kuzichukua: ni za kazi gani, zitapelekwa kwa nani, na kama kuzitoa ni hiari au lazima. Pasipo maelezo hayo, ridhaa ya mtumiaji ina mashaka, maana hajui alichokubali.

Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data. Faini ya kampuni haizidi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kikitangulizwa. Kwa kampuni isiyouza kitu, adhabu hiyo yaonekana hafifu.