Umemaliza mkopo wa kampuni? Usiiache rehani Brela

Shinyanga. Chukulia kampuni ya usafirishaji pale Maganzo, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Imekopa benki kwa kuweka rehani malori na vijiko, ikalipa mpaka shilingi ya mwisho. Baadaye inaomba mkopo benki nyingine, inaambiwa mali zake bado zina rehani.

Deni limeisha kweli, ila hakuna aliyemwambia Msajili wa Kampuni.

Rehani inaingiaje Brela?

Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002 inataka rehani nyingi za kampuni zisajiliwe ndani ya siku 42 tangu ziwekwe. Isiposajiliwa, mkopeshaji hawezi kuitumia dhidi ya mfilisi wala wadai wengine. Ndiyo maana benki huwahi kusajili. Deni likiisha, mwenye haraka anatakiwa kuwa kampuni yenyewe.

Nani anaiona?

Yeyote anayelipia ada ya kupata taarifa za kampuni: benki, mnunuzi, hata anayetaka kuingia ubia.

Hatua za kufuata

1. Omba benki barua inayothibitisha deni limelipwa na mali zimeachiwa.
2. Ingia kwenye mfumo wa usajili wa Brela mtandaoni, jaza taarifa za rehani husika, pandisha uthibitisho na ulipe ada.
3. Msajili akiridhika, anaandika kwenye daftari kwamba deni limelipwa. Omba nakala, uitunze.
4. Rekebisha pia daftari la rehani linalotunzwa ofisini kwa kampuni.

Kama deni bado lipo?

Sheria inaruhusu kuandikisha malipo ya sehemu ya deni, au mali moja iliyoachiwa. Mfano, benki ikikubali kijiko kimoja kiuzwe, hicho kinaondolewa, vingine vinabaki.

Angalizo

Brela haimalizi kila kitu. Kama hati ya kiwanja iliwekwa rehani, ifutwe pia kwa Msajili wa Hati. Kama ni leseni ya uchimbaji, hakikisha kumbukumbu za Tume ya Madini ziko sawa. Kadi za magari zidai benki siku hiyohiyo.

Na kama biashara imesajiliwa kama jina la biashara tu, si kampuni, daftari hili haliihusu.