Chuo Juu ya Maji

Msomaji kijana, yamkini wewe umezoea chuo chenye kuta na kengele. Katika mwaka wa 1957 walikuwako vijana wa Ujerumani ambao chuo chao kilikuwa na milingoti minne, na kiwanja chake kilikuwa bahari. Chuo hicho ni Pamir, merikebu ya matanga iliyoundwa kwa chuma mjini Hamburg mwaka 1905. Zamani ilichukua shura kutoka Chile. Baadaye, meli za moshi zilipokwisha kutwaa biashara ya bahari, ikafanywa chombo cha kufundishia mabaharia.

Maisha ya humo hayakuwa mepesi. Siku iligawanywa kwa zamu, mchana na usiku. Wanafunzi walisugua sitaha, walishika usukani, na walikwea milingoti kwenda kukunja matanga, hali chombo kinayumba chini yao. Tanga kubwa halivutwi na mtu mmoja. Kwa hiyo mwana wa tajiri na mwana wa maskini walishika kamba moja, wakavuta kwa sauti moja. Hiyo ndiyo sababu wengi waliamini kuwa tanga humfunza baharia mambo ambayo mtambo hauwezi kumfunza.

Lakini chuo cha namna hiyo kina gharama kubwa. Basi merikebu ikapewa kazi mbili: kufundisha vijana na kuchukua shehena. Tarehe 10 Agosti 1957 iling'oa nanga Buenos Aires, nchini Ajentina, kurejea Hamburg, ikiwa na watu 86, na katika hao 52 walikuwa wanafunzi. Tumboni mwake mlikuwa na tani 3,780 za shayiri, na sehemu kubwa ilimiminwa tu pasipo kutiwa magunia.

Angalia vema jambo hili. Nafaka iliyomiminwa haitulii kama mawe. Chombo kikiinama sana, nayo huteremka upande ulioinama, ikaulemea, na chombo hushindwa kuinuka.

Tarehe 21 Septemba, kusini-magharibi ya visiwa vya Azores, tufani iliyoitwa Carrie iliikumba Pamir. Merikebu ililala upande, ikapinduka, ikazama. Watu 80 walikufa. Sita tu waliokolewa, nao waliokotwa katika mashua baada ya kuteswa na mawimbi kwa siku kadhaa.

Baraza la uchunguzi lililokaa Lübeck mwaka 1958 liliona kwamba shayiri ilihama, na kwamba hata matangi ya maji ya farumi yalikuwa yamejazwa nafaka. Mwaka huo huo Ujerumani Magharibi iliunda merikebu nyingine ya mafunzo, Gorch Fock. Hiyo haikupewa shehena ya biashara. Chini yake iliwekwa farumi nzito ili iweze kuinuka inapolazwa na upepo.

Je, tuseme vijana wale walikosa ushujaa? Hasha! Lakini ushujaa wa mlingotini hauwezi kulipa deni la uzembe wa bandarini. Nawe, msomaji, siku utakapokabidhiwa chombo, darasa au nchi, usitazame matanga tu, ambayo kila mtu huyaona na kuyasifu. Shuka kwanza ngamani, ukaone kama shehena imefungwa.