Uvimbe mkali wa ubongo baada ya kiharusi

Uvimbe mkali wa ubongo hufuata kiharusi kikubwa cha kuziba kwa mshipa, hasa bonge la damu linapoziba ateri ya kati ya ubongo. Sehemu iliyokosa damu hufa na kujaa maji. Fuvu la mtu mzima halitanuki, hivyo ubongo husukumwa upande wa pili na kuligandamiza shina lake. Hali huwa mbaya zaidi kati ya siku ya pili na ya tano. Bila upasuaji, vifo vimefikia hadi wagonjwa 80 kati ya 100.

Kihatarishi kikuu ni ukubwa wa eneo lililokufa: likizidi nusu ya sehemu inayolishwa na ateri hiyo, tahadhari ianze mara moja, zaidi ikiwa ateri kubwa ya shingoni nayo imeziba. Presha ya muda mrefu, moyo kushindwa kufanya kazi, sukari kuwa juu wakati wa kulazwa, kutapika mapema na kusinzia kusiko kwa kawaida huongeza hatari.

Umri ndio huwachanganya wengi. Ubongo wa mzee umesinyaa, una nafasi ya kuvimba. Wa kijana umejaa fuvu lake. Kwa hiyo kijana aliyepata kiharusi kwa sababu ya sikoseli au ugonjwa wa valvu za moyo asihesabiwe salama kwa ujana wake.

Mkoani Mara, umbali nao ni wa kuhesabiwa. Kutoka Musoma, yenye hospitali ya rufaa ya mkoa, hadi hospitali ya Bugando jijini Mwanza ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara ipitayo Bunda. Upasuaji wa kuondoa kipande cha fuvu hufaa zaidi ndani ya saa 48, kwa hiyo rufaa iandikwe mgonjwa angali anaitika, si mboni moja ikishatanuka. Njiani kichwa kiinuliwe kidogo. Dripu ya dekstrosi iepukwe, isipokuwa sukari imeshuka: maji yake huongeza uvimbe.

Uchambuzi wa majaribio matatu ya Ulaya, uliotolewa 2007, ulionyesha kuwa kwa wagonjwa wasiozidi miaka 60, upasuaji huo uliongeza walionusurika kifo kutoka 29 hadi 78 kwa kila 100. Wengi walibaki na ulemavu, na ndugu wanapaswa kuambiwa hilo kabla ya kutia saini.