Mwigano: Lini Michakato Miwili Ni Sawa?

Anayesoma nadharia ya michakato sambamba hukutana mapema na swali hili: lini tuseme michakato miwili ina mwenendo mmoja? Jibu lililoshika mizizi alilitoa David Park mwaka 1981, na Robin Milner wa Edinburgh akalifanya nguzo ya nadharia yake. Wengi huliita baisimulesheni. Mimi napendekeza mwigano, kutokana na kuigana, na sababu ninayo.

Chukua mashine mbili za chai. Ya kwanza ukiitia sarafu, inakuwa tayari kutoa chai. Ya pili ukiitia sarafu, huamua yenyewe papo hapo: ama iwe tayari kutoa chai, ama iimeze sarafu na kukwama. Je, ya pili yaweza kuiga ya kwanza? Ndiyo, itashika njia ya chai. Na ya kwanza kuiga ya pili? Pia, kwani mashine iliyokwama haina tendo jingine la kuigwa. Kila moja inamudu kuiga nyingine, lakini aliyepoteza sarafu yake hatakubali kuwa ni sawa.

Mwigano unadai zaidi. Baada ya kila hatua, upande wowote una haki ya kuongoza, na mwingine sharti ufuate. Ya pili imeze sarafu. Ya kwanza ifuate kwa kupokea sarafu. Sasa tubadilishe zamu: ya kwanza itoe chai. Ya pili haiwezi, mwigano umevunjika. Ndiyo maana siridhiki na “uigaji wa pande mbili”: unaruhusu mashine hizi zipite.

Kuamua mwigano, hali zikiwa na kikomo, ni kazi nyepesi ajabu. Unaziweka hali zote katika kundi moja, kisha unalipasua kila tendo fulani linapozipeleka hali mbili kwenye makundi tofauti, au moja ikiliweza na nyingine isiliweze. Pasipobaki cha kupasua, hali zilizo pamoja zinaigana. Mwaka 1987 Paige na Tarjan walionyesha njia ya kulimaliza jambo hili kwa muda wa kadiri ya m log n, m ikiwa idadi ya mipito na n ya hali.

Hali zikikosa kikomo, mambo hubadilika. Kwa sarufi zisizofungwa na muktadha, hakuna algoriti ya kuamua kama mbili zinazalisha mifuatano ile ile, ilhali mwigano wa michakato yake unaamulika. Kwa nyavu za Petri bahati hiyo haipo: Petr Jančar alithibitisha mwaka 1994 kwamba mwigano wake hauamuliki.