Kupaza si kukuza

"Kipaza sauti" ni jina lenye mzigo. Kwenye mkutano wa hadhara ni kile alichoshika mgombea, na papo hapo ni lile dude linalounguruma juu ya gari. Mafundi wamejitoa zamani: wanasema maiki na spika, na kisanduku cha katikati, chenye kuipa sauti nguvu, ni amplifaya.

Kwa amplifaya za hedifoni, zile za bei mbaya, mimi nasema kikuza sauti. Kupaza kumetokana na kupaa, na hedifoni haina pa kupaa; tayari imekaa sikioni. Sennheiser HD 650, yenye ukinzani wa omu 300, inataka volti nyingi kuliko zinazotolewa na simu nyingi. Makelele haitaki. Vikuza sauti vya valvu visivyo na transfoma ya kutolea sauti huelekea kuivimbisha besi yake. Vya transista, kama Benchmark HPA4, huiacha ilivyo. Wapo wanaoupenda uvimbe huo, na wanaulipia. (Sennheiser HE 1, iliyotangazwa 2015, ina valvu nane zinazochomoza zenyewe kwenye marumaru ya Carrara. Madoido, lakini mazuri.)

Ukitaka kuvilinganisha, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti kwa mita ya volti. Kilichopazwa kidogo tu hushinda, hata kama ni kibovu, na muuzaji mjanja analijua hilo: mkono wake hauachi swichi ya sauti.