Kwa nini chumvi hukausha samaki lakini huokoa mtoto anayeharisha?

Katika pwani ya Kilwa na Lindi, samaki hutiwa chumvi wakawa ng'onda. Mwili wa samaki, kama wetu, umejengwa kwa seli, na kila seli ina utando mwembamba unaopitisha maji. Maji hufuata penye chumvi nyingi. Hivyo hutoka kwenye seli, na samaki hukauka.

ORS hutumia kanuni hiyo hiyo. Utando wa seli za utumbo una milango inayoingiza chumvi na sukari kwa pamoja, na maji hufuata. Mwanasayansi Robert Crane aliieleza mwaka 1960. Hata kwa mgonjwa wa kipindupindu, milango hiyo huendelea kufanya kazi.

Kama huna pakiti, changanya vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Usizidishe chumvi: ikizidi, huvuta maji kutoka mwilini, kama kwa ng'onda.

Mtoto aendelee kunyonya. Macho yakididimia au akishindwa kunywa, mwahishe zahanati.